Haitoki na Sufuria Iliyomeza Bakuli

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi mnaosikiliza na nyinyi mnaojifanya hamsikilizi! Zimeni redio, punguzeni moto jikoni, na anayegonga mlango mwambieni asubiri, kwa maana habari ninayotaka kuishusha mbele yenu leo si ya kusikiliza kwa sikio moja huku la pili likiwa kwa jirani. Waandishi wa tarikhi wamejaza majuzuu kwa vita vya wafalme waliogombea mito ambayo wao wenyewe hawakujua hata kuiogelea, wakaandika farasi alianguka wapi na mkuki ulivunjikia kwa nani; lakini vita vilivyopiganwa Jumamosi ile, katika jiko lenye dirisha moja, baina ya mwanamume mmoja na vyombo viwili, wakaviruka kana kwamba havikutokea. Hawana haya. Basi nitavisimulia mimi, ambaye sikutumwa wala silipwi, na anayetaka kucheka acheke akishamaliza kusikia.

Nawaita kwanza nyinyi, wazee wa tumbo la ardhi, mnisimamie. Wewe Shaba, mkongwe wa wakongwe, uliyefunga ndoa na Bati mkazaa madini ya masanamu na kengele, kisha ukafunga nyingine na Zinki mkazaa mabomba na vitasa vya manjano, wala hakuna aliyekulaumu. Wewe Risasi, mzito wa mwili na wa akili. Wewe Chuma, shujaa mwenye maradhi ya kutu. Na wewe Alumini, mtoto wa juzi uliyekuja ukakuta viti vya sebuleni vimejaa, ukaenda zako kukaa jikoni. Nishikieni ulimi nisitie chumvi kupita kiasi. Kiasi chenyewe nitakijua mimi.

Palikuwa na mtu, mrefu wa maneno na wa wastani kwa kimo, fundi katika karakana kubwa ya mitambo, ambaye kazi yake tangu ujana ilikuwa moja: kuitia pete ya chuma motoni mpaka itanuke, kuivisha juu ya muhimili ulio baridi, kisha kuiacha ipoe, inywee, iung'ate muhimili ule mng'ato usio na mwisho. Hapana skrubu pale, hapana lehemu, hapana gundi. Ni joto na baridi tu. Na kila alipomaliza aliipiga pete kofi la mapenzi, akatangaza mbele ya karakana nzima, "Nikifunga mimi, haitoki!" Wenzake wakamwita Haitoki, jina likamganda, hata mkewe akawa anamwita hivyo hivyo, hasa siku alizomkasirikia.

Sasa huyu Haitoki, pamoja na ushujaa wake, alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wa kuhubiri. Hakuweza kushika kijiko asikitajie ukoo wake. Jioni akishashiba aliinua uma juu kama fimbo ya enzi, akanena, "Mke wangu, hakuna kilicho safi duniani kikawa na nguvu! Dhahabu safi hupinda kwa meno. Shaba safi ni laini, na chuma kitupu ni chakula cha kutu. Lakini changanya! Mtie Chuma kaboni kidogo tu, anakuwa pua, ile ya visu, anakata. Mwongezee kromi na nikeli, anavaa joho ambalo kutu haiwezi kulipenya. Hiyo ndiyo aloi, mke wangu! Wanyonge wawili wanaingia motoni, anatoka mbabe mmoja!"

"Haya," mkewe humjibu. "Sasa huo uma uchanganye na sabuni, uoshe."

Kwa kawaida mhubiri hakusikia sehemu hiyo. Aliuweka uma mezani, akaenda kusikiliza taarifa ya habari, na uma ukaoshwa na yule aliyekuwa akihubiriwa.

Ndipo siku moja mkewe, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo, mwenye mkono mwepesi kuliko wote mtaani, aliteleza kwenye ngazi zenye maji akaangukia mkono wa kulia. Hospitalini wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Cherehani ikafunikwa shuka, nyumba ikawa kimya, na sinki likaanza kujaa. Siku hiyo hiyo akaingia mama yake, na hapa naomba mkae vizuri, maana huyu si mtu wa kupitishwa haraka haraka katika hadithi.

Mama Mkwe alikuwa mpishi mkuu wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Mikono yake ilikuwa imeshika masufuria ya moto kwa muda mrefu mno hata ikasahau moto ni kitu gani. Macho yake yaliweza kuona tone la mafuta kwenye sahani iliyo chumba cha pili. Tangu siku ya posa hakumpenda Haitoki. Alisema mtu anayeshinda na vyuma moyo wake huwa chuma, na kwamba mwanamume asiyejua kuosha hata kikombe chake ni mgeni tu aliyesahau kuondoka. Alikuja na chakula katika vyombo vyake viwili, akavitua mezani, akasimama katikati ya jiko, akanena.

"Mkwe wangu, nisikilize. Nakuachia vyombo vyangu, na nakuachia mwanangu. Jumamosi adhuhuri nakuja kuvichukua vyombo. Nikikuta jiko limekaa kama jiko la watu, mwanangu atabaki apone kwake. Nikikuta jalala, basi vyombo mkono huu, mwanangu mkono huu, na wewe utabaki na hayo mavyuma yako uyahubirie."

"Mama, shaka ondoa," Haitoki akajibu, mkono kifuani.

"Shaka sijaitia mimi. Umekuja nayo mwenyewe."

Akaondoka. Haitoki akamtazama mkewe aliyekuwa ameketi kitini, plasta mapajani, amechoka kwa maumivu, na hofu ikamshika. Hili nalisema wazi ili msije mkadhani ni mchezo: mtu huyu, pamoja na kelele zake zote, alimpenda mkewe, na hakutaka kulala hata usiku mmoja katika nyumba ile bila yeye. Alijua pia kwamba Mama Mkwe akishamchukua mtu, kumrudisha ni kazi. Basi akakunja mikono ya shati, akaingia vitani.

Wiki ile ilikuwa ya mapambano makubwa. Aliosha vikombe viwili akamwita mkewe aje aone. Aliosha sahani akasimama kando yake akisubiri, sijui alisubiri nini, labda apigwe picha. Karakana nzima ilipata habari kwamba anaosha vyombo. Alielezea sufuria iliyoungua kama mtu anayeelezea ajali ya treni aliyonusurika. Wanawake wangapi wameosha sufuria hiyo hiyo tangu sufuria zianze kuundwa, hatujui, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyesimama kutangaza. Yeye alitangaza. Lakini tusimwonee: vyombo vilioshwa kweli, sakafu ilipigwa deki, na Ijumaa jioni mkewe alizungusha macho jikoni akasema, "Kwa kweli umejitahidi, mume wangu." Haitoki alilala akitabasamu.

Ikapambazuka Jumamosi, siku ya hukumu. Vilibaki vyombo viwili tu vya kuosha, vile vya mgeni mwenyewe, na ni wajibu wangu sasa kuwatajia nasaba zao, kwa kuwa vita bila nasaba ni ugomvi wa mitaani.

Wa kwanza alikuwa Sufuria, wa ukoo wa Alumini, mpana wa kifua, mwepesi wa mwili, aliyeyeyushwa akasubiwa na mafundi wa vyuma chakavu kutokana na pistoni za malori, fremu za madirisha na makopo ya soda. Ndani yake mlikuwa na silikoni ya pistoni na magnesi ya makopo, wote wamesahau walikotoka, wamekuwa kitu kimoja. Wa pili alikuwa Bakuli, wa ukoo wa Chuma, mwenye joho la kromi na mkufu wa nikeli, anayeng'aa hadi ukimtazama unaona pua yako imekuwa kubwa. Na tabia zao ni hizi, mzishike, zitatufaa: Alumini ni mwepesi wa kufura. Akipata joto hutanuka kumshinda Chuma, akipoa hunywea kumshinda Chuma. Chuma yeye ni mtu wa taratibu.

Haitoki alichemsha maji katika Sufuria, akayamimina katika beseni, akamwosha Bakuli kwa maji baridi ya bomba, akamfuta akang'aa. Sufuria akamwosha kwa yale ya moto, akamkausha angali wa moto, akamweka mezani. Kisha, enyi watu, akarudi nyuma hatua chache atazame kazi ya mikono yake, na akaona kwamba vyombo viwili vimekaa kando kando bila nidhamu. Mpangilio! Mama Mkwe atafurahia mpangilio! Akamchukua Bakuli baridi, akamtumbukiza ndani ya Sufuria wa moto, akakaa sawasawa, shingo kwa shingo, kana kwamba walipimwa pamoja. Haitoki akampiga Sufuria kofi la mapenzi, akaenda kuoga.

Mmeona alichofanya? Mtu ambaye kila siku ya Mungu huvisha pete ya moto juu ya muhimili wa baridi, mtu anayeitwa Haitoki kwa ajili hiyo, amekwenda jikoni kwake akafanya vile vile, hatua kwa hatua, mpaka kofi. Mkono una mazoea yake. Kichwa ndicho kilichokuwa bafuni.

Alipotoka, amevaa shati safi, alitaka kumwonyesha mkewe jinsi Bakuli linavyong'aa. Akalivuta. Halikuja. Akalivuta tena, akicheka kidogo, kama unavyocheka na mtoto aliyekushika mguu. Halikuja. Kicheko kikaisha.

"Kuna nini?" mkewe akauliza kutoka sebuleni.

"Hakuna kitu, mke wangu! Hakuna kitu kabisa!"

Mke yeyote akisikia hivyo hunyanyuka. Akaja, akatazama, akaelewa. Bakuli lilikuwa limemezwa. Ukingo wake ulichomoza juu ya ule wa sufuria kiasi cha kushikwa kwa kucha tu. Na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea adhuhuri bila huruma.

"Vimeshikana," akasema mkewe.

"Havijashikana. Vimekaribiana."

Hapo vita vikaanza rasmi. Shambulio la kwanza lilikuwa la nguvu tupu. Haitoki alimbana Sufuria katikati ya magoti, akazamisha kucha zake chini ya ukingo wa Bakuli, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na shati safi likachomoka surualini, akatukana kimoyomoyo ukoo wa Alumini tangu ulipokuwa udongo mwekundu. Bakuli likamtazama kwa uso wake wa kung'aa, na ndani ya uso huo akajiona mwenyewe, pua kubwa, macho mekundu. Shambulio la pili lilikuwa la mafuta. Aliyapaka pembezoni yakateremka kidogo, yakakwama, na sasa vyombo vilikuwa vimeshikana na kuteleza kwa pamoja. Ndipo akaifuata nyundo.

"Nyundo iweke chini," mkewe akasema.

"Kofi moja tu la ubavuni..."

"Haitoki! Sufuria ya mama! Ukiitia kibonyeo ataiona akiwa bado barabarani. Iweke chini."

Akaiweka chini. Akatoka mbio hadi kibaraza cha pili, palipokuwa na kinyozi, mtu wa maneno mengi na wateja wachache, mwenye friji ya soda mlangoni. Kinyozi aliposikia habari ile aliacha gazeti, akavua koti jeupe la kazi kama jemadari anayevua joho la amani, akanena, "Ndugu yangu! Umefika pale palipo na mwanamume! Mimi nimezitoa nywele zilizokwama kwenye mashine kwa miaka na miaka. Sufuria ni nini mbele yangu? Nipeleke uwanjani!"

Wakaingia jikoni. Kinyozi akaikumbatia sufuria tumboni, akaegemea mlango. Haitoki akashika ukingo wa bakuli kwa kucha, akaegemea upande wa sinki. Wakahesabu pamoja, wakavuta. Wakavuta kama vile serikali mbili zinavyovuta mpaka. Mkewe Haitoki alijisogeza ukutani, akakinga plasta yake. Kikasikika kitu kikikatika, pa! Mashujaa wote wawili wakaanguka chali, kila mmoja upande wake, na furaha ikamjaa Haitoki pale sakafuni, akapaza sauti, "Imetoka!"

Kilichokuwa kimetoka ni ukucha wa kidole chake gumba. Sufuria ilikuwa bado tumboni kwa kinyozi, na bakuli ndani yake, salama salimini.

"Adui ana nguvu," kinyozi akakiri, akijipangusa. "Mimi naona mtu akubali tu. Mwambie Mama Mkwe ni mtindo mpya."

Haitoki hakusikia. Maumivu ya kidole yalikuwa yamempandisha hasira, na hasira ikampandisha wazo. "Joto!" akanguruma. "Chuma hakijui lugha nyingine ila joto!" Akachukua birika lililokuwa likichemka kwa ajili ya chai ya mgeni, na kabla mkewe hajafumbua mdomo akayamwaga maji yote ndani ya bakuli. Kikatoka kilio chembamba cha chuma juu ya chuma. Akasubiri. Akavuta. Safari hii hata ule mtelezo mdogo wa mafuta haukuwepo. Vile vyombo vilikuwa kama vimezaliwa pamoja.

Mkewe akavuta kiti, akaketi. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Haitoki zaidi.

"Umemwaga maji ya moto wapi?"

"Ndani."

"Ndani ni nani?"

"Bakuli."

"Na kazini mnapasha moto nini, pete au muhimili?"

"Pete," akajibu, na sauti yake ikaanza kupungua. "Pete ya nje. Muhimili wa ndani unabaki baridi. Ukiupasha muhimili unafura, unabana zaidi..." Alitazama sufuria, akatazama bakuli, akatazama birika tupu mkononi mwake. Akaona pete. Akaona muhimili. Akakumbuka lile kofi.

"Mungu wangu," akasema. "Nimevifunga mimi."

"Umevifunga wewe. Miaka yote hii unanihubiria juu ya vyuma mpaka chakula kinapoa, kumbe aliyekuwa anasikiliza ni mimi peke yangu." Alikuwa karibu kucheka na karibu kulia. "Sikiliza, mume wangu. Mimi sitaki kwenda kwa mama. Nampenda, lakini kule nitalala saa anayotaka yeye, nitakula anachotaka yeye, na kila siku atanisemea ubaya wako nami nitachoka kukutetea. Sasa acha kupigana na sufuria, ifungue."

"Kazi yangu ni kufunga," akasema kwa unyonge. "Hatufungui sisi. Ndiyo sifa yetu."

"Basi fanya kinyume chake."

Kinyume chake! Enyi wasikilizaji, ufalme umewahi kuokolewa kwa maneno mengi kuliko hayo, wala haukustahili. Haitoki akasimama wima. Akaingiza shati ndani ya suruali. Akamgeukia kinyozi, akanena kwa sauti iliyotikisa vifuniko, "Jirani! Nenda kwenye ngome yako ya soda uniletee barafu yote iliyomo, hata ile iliyoganda ukutani! Mke wangu, kalia kiti chako cha enzi! Nitamtia Alumini joto la nje afure, nitamtia Chuma baridi ya ndani anywee, na leo hii wataachana mbele ya mashahidi!"

"Punguza hotuba," mkewe akamwambia, "washa jiko."

Barafu ikaja ndani ya ndoo ya kunyolea, na vipande vya nywele vichache ambavyo mkewe alivitoa kwa mkono mzima. Maji yakachemka. Na papo hapo, kutoka barabarani, ikasikika sauti ambayo hata paka wa mtaa ule waliijua: "Hodi jamani! Wenyewe mpo?"

Kinyozi akapauka. Kisha, na hapa nampa haki yake, akalivaa tena koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote, akatoka nje peke yake kulizuia jeshi. Wakamsikia akinena barazani, "Shikamoo mama! Karibu sana! Lo, mama, hebu keti kwanza kwenye kiti changu hiki kinachozunguka, nikueleze jinsi hali ya hewa ilivyobadilika..."

"Marahaba. Sogea."

"Mama, sijui kama umeona jinsi bei za..."

"Baba, mimi sina nywele za kunyoa. Sogea."

Ndani, Haitoki alikuwa ameiketisha sufuria katika beseni la maji yanayofuka moshi, na bakuli limejaa barafu hadi shingoni. Aliikamata sufuria kwa matambara, uso wake ndani ya mvuke, kidole gumba kikimwuma vibaya. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Vuta wewe," akanong'ona.

Mkewe akapeleka mkono wake wa kushoto, ule ambao hakuwahi kuutumia hata kushika sindano, akabana ukingo wa bakuli kwa ncha za vidole. Akauzungusha kidogo. Hakuna kitu. Viatu vya Mama Mkwe vikakanyaga kizingiti. Akauzungusha tena, na safari hii mwisho wa ukingo ukasogea upana wa uzi. Na mshonaji anaujua upana wa uzi.

"Umesogea," akasema.

Tii! Kikalia kidogo tu, mlio ambao mtu akipiga chafya angeupoteza, na bakuli likatoka kwa wepesi, likabaki mkononi mwake, limejaa barafu, linatiririka maji, limeachana na sufuria kama watu wasiojuana. Haitoki alifungua mdomo kutoa ukelele wa ushindi. Mkewe akamziba kwa plasta.

Mama Mkwe alipoingia jikoni aliwakuta wamesimama bega kwa bega, wamelowa. Barafu ilikuwa sinkini. Sakafu ilimeremeta. Bakuli lilikuwa upande huu wa meza, sufuria upande ule, inafuka moshi mwembamba.

"Shikamoo mama," Haitoki akasema.

"Marahaba." Akapita. Akafungua kabati, akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama kidole. Akainama chini ya sinki. Akanusa kitambaa. Hapakuwa na kosa, na ilimwuma kidogo kutoliona. "Sufuria umeiosha kwa maji ya moto," hatimaye akasema.

"Ndiyo, mama."

"Inatakiwa hivyo." Akamtazama binti yake, na jicho lake kali likalegea kwa mara ya kwanza. "Unataka kubaki?"

"Nabaki, mama."

"Basi baki." Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa, aliinua sufuria ya moto kwa mikono yake isiyojua moto, akachukua bakuli la baridi kama barafu, akasema, "Nitavibeba hivi hivi," akalitumbukiza hili ndani ya ile.

Haitoki alinyoosha mkono. "Mama, usi..."

Kisigino cha mkewe kilishuka juu ya mguu wake kwa uzito wote wa ndoa. Mama Mkwe akaaga, akapita barazani kwa kinyozi bila kumtazama, akashika njia. Nao walibaki mlangoni wakisikiliza viatu vyake vikienda mbali, na kila hatua sufuria ile ilikuwa ikipoa.

Jumapili asubuhi simu ya mkewe ililia. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, mama" mara kadhaa huku amejiuma mdomo, kisha akampa mumewe simu bila kumtazama usoni.

"Mwanangu," ikasema sauti ya Mama Mkwe. Mwanangu! Hakuwahi kumwita hivyo hata siku ya harusi. "Wewe si mtu wa vyuma? Njoo. Kuna vyombo hapa vimenishinda."

"Mwambie tu maji ya moto nje, barafu ndani," mkewe akanong'ona.

Haitoki akaifunika simu kwa kiganja. "Haiwezekani kwa simu," akasema kwa heshima kubwa. "Ni jambo la kitaalamu."

Akavaa suti. Mkewe akamsimamisha mlangoni, akamrudisha, na mtaalamu akaosha vikombe vya chai akiwa na tai shingoni kabla hajaruhusiwa kwenda kuokoa ulimwengu.

Kule jikoni kwa Mama Mkwe kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa wale wawili juu ya meza, wamekumbatiana. Haitoki aliomba beseni, akaomba barafu, akatoa hotuba fupi juu ya Alumini na ndefu juu ya Chuma. Mama Mkwe akamwacha aseme. Akafanya kinyume cha kazi yake, akazungusha, tii! Vikaachana. Mama Mkwe aliketi.

"Kumbe hiyo kazi yako ina maana," akasema. Akanyoosha mkono kulipokea bakuli, na hapo ndipo Haitoki alipoona kwamba ukucha wa kidole gumba cha Mama Mkwe ulikuwa umekatika. Umekatika karibuni, na pande zote ulikuwa mwekundu. Haitoki akarudisha mikono yake nyuma ya koti, lakini alichelewa. Jicho lile lililokuwa likiona tone la mafuta chumba cha pili lilikuwa limekwisha kutua juu ya kidole gumba cha mkwewe.

"Na hiyo kucha?"

"Kazini, mama."

"Hiyo ni ya jana, na jana ilikuwa Jumamosi. Hamfanyi kazi Jumamosi."

Haitoki, mwenye maneno ya kutosha karakana nzima, akainama kupangusa meza. Mama Mkwe akatazama kucha yake, akatazama ya mkwewe, akatazama beseni la maji ya moto mezani. Mdomo wake ukatetemeka. Kisha mwanamke yule, ambaye vizazi vya wasichana wa bweni viliapa hawakuwahi kuyaona meno yake, alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akataka kusema kitu, akashindwa, akacheka tena, na Haitoki naye, kwanza kwa woga kisha kwa moyo wote, akacheka pamoja naye.

"Mjinga wewe," akasema Mama Mkwe alipopata pumzi. "Mimi nimejifungia mwenyewe kwa kutojua. Wewe ulijua! Keti hapa ule, kisha umpelekee mkeo chakula chake."

"Katika sufuria, mama, au katika bakuli?"

"Chagua kimoja," akasema, akiinuka kupakua.

Naam, andikeni, enyi mlioacha kuandika! Chongeni sanamu yake mkiweza, ya shaba na bati kama desturi, amesimama na beseni mkononi na kidole gumba juu, mwana wa pete ya moto, mtenganishi wa koo mbili, wa kwanza katika ukoo wake kuvaa tai mbele ya sinki. Alichokifanya ni kutoa bakuli ndani ya sufuria, ambamo alilitia mwenyewe. Na jioni ile alirudi nyumbani na chakula cha moto ndani ya sufuria peke yake, bakuli ameliacha makusudi, akamlisha mkewe kwa mkono, akaosha vyombo, na hakumwita mtu yeyote aje aone.